Kisu cha minofu kimenikata, kidole cha mwisho hakikunji tena. Naombeni ushauri kabla sijasaini karatasi ya ofisi

mnofu_kilo12

Wakuu habari za humu. Naandika kwa dole gumba la kushoto, mkiona herufi zimerukwa mnivumilie.

Nafanya kazi kiwanda cha kuchakata sangara hapa Mwanza, jina nisilitaje. Huu ni mwaka wa nne niko meza ya minofu. Ni kibarua, mkataba wa maandishi sina, tunalipwa kwa kilo na hela inaingia kwenye simu kila Jumamosi.

Jumanne iliyopita, saa nne kasoro asubuhi, alinijia sangara mkubwa, kama kilo kumi na mbili hivi. Wanaoijua kazi hii wanajua: unapasua nyuma ya shavu, unageuza kisu, unakilaza juu ya uti wa mgongo halafu unavuta kuelekea mkiani. Kisu kilikuwa kimeshaisha makali. Visu vyetu vinanolewa asubuhi tu kabla ya zamu, na mnoaji ni mmoja kwa meza zote. Ikifika saa nne unakuwa hukati tena, unasukuma. Ncha ikagonga mfupa, kisu kikasimama, mkono ukaendelea. Mpini ni wa plastiki, umelainika kwa kuoshwa na dawa kila siku, na umejaa ute wa samaki. Kiganja kikateleza mbele mpaka kwenye makali. Maumivu sikuyasikia kwa sababu mikono ilikuwa na ganzi ya barafu. Niliona tu maji ya mezani yamebadilika rangi.

Mkono uliokatika ni wa kulia, uleule ulioshika kisu. Pamekatika kwenye shina la kidole cha pete na cha mwisho, upande wa kiganja. Nilipelekwa zahanati, wakaosha, nyuzi saba, sindano ya pepopunda na vidonge. Leo siku ya sita. Kidonda kwa nje kinafunga vizuri. Lakini nikikunja ngumi, kidole cha mwisho kinabaki kimenyooka kama kijiti. Na ubavu wake mmoja hausikii kitu, nimeugusisha kikombe cha chai ya moto na ni kama simo.

Supavaiza anasema ni ganzi ya kawaida, nipumzike wiki tatu. Jana ofisini wamenipigia niende kesho kusaini karatasi. Mwenzangu aliyeiona anasema imeandikwa nimejikata kwa uzembe na sikuvaa glovu, napewa elfu hamsini ya matibabu na mambo yaishe. Glovu ya nyuzi za chuma tunapewa moja tu, ya mkono wa kushoto unaoshika samaki, na siku hiyo nilikuwa nimeivaa. Mkono wa kisu tunavaa mpira mwembamba basi.

Je, kidole hiki kitarudi chenyewe? Na hiyo karatasi nisaini? Nina mtoto wa miaka miwili na kodi ya nyumba inaisha mwezi ujao.

nesi_wodi_ya_majeruhi

Pole sana mdogo wangu. Mambo ya ofisi yaweke pembeni dakika mbili, kwanza nifanyie jambo hili.

Laza mkono wa kulia mezani, kiganja kitazame juu. Kwa mkono wa kushoto bana kile kipande cha kati cha kidole cha mwisho kisiweze kusogea. Sasa jaribu kukunja ncha peke yake, pale penye kucha. Jaribu mara moja tu na kwa upole, usikaze. Fanya hivyohivyo kwa kidole cha pete, halafu uniambie.

mnofu_kilo12

Nimefanya, dada. Cha mwisho ncha haitikisiki hata kidogo. Cha pete inakunja ila kuna maumivu yanavuta ndani ya kiganja.

nesi_wodi_ya_majeruhi

Basi nisikufiche. Hiyo siyo ganzi na kupumzika hakutaisaidia. Kila kidole, ukiacha gumba, kina kano mbili upande wa kiganja: moja inakwenda mpaka kwenye ncha, nyingine inaishia kipande cha kati. Watu huziita mishipa, lakini ni kamba zinazotoka kwenye misuli ya mkono huku juu, karibu na kiwiko. Kano ikikatika haikai palepale ikusubiri. Msuli unaivuta. Ni kama kamba ya bukta iliyokatika ikazama ndani ya pindo: kwa nje huoni kitu, na kushona ngozi juu yake hakuirudishi.

Kinachonifanya nikuandikie usiku huu ni siku. Kano ikiungwa ndani ya siku chache za mwanzo, au angalau ndani ya wiki mbili hivi, daktari anaweza kuivuta na kuishona ncha kwa ncha. Ukichelewa, msuli unafupika na njia inayopita kano inaziba. Hapo inabidi kupandikiza kano kutoka sehemu nyingine, mara nyingi kwa upasuaji wa awamu mbili, na matokeo yake si kama ya mwanzo. Wewe uko siku ya sita. Ukizipumzika hizo wiki tatu ulizoambiwa, utakuwa umeuvuka muda huo.

Cha pete nacho kinanitia wasiwasi. Maumivu ya kuvuta namna hiyo yanaweza kuwa kano iliyokatika nusu, na nusu iliyobaki inakatika siku ukishika kitu kizito. Mpaka uonwe, mkono huo usiubebeshe hata kikombe. Ule ubavu usiosikia ni mshipa wa fahamu, nao unaweza kushonwa siku hiyohiyo.

Kesho alfajiri nenda hospitali kubwa. Kwa Mwanza mna Bugando, ndiyo rufaa ya kanda ya ziwa. Ukifika mapokezi usiseme umekuja kuangaliwa kidonda, watakupanga foleni ya kubadilisha bandeji. Sema hivi: "Nimekatwa na kisu kazini siku saba zilizopita, ncha ya kidole haikunji na upande mmoja hausikii." Omba kuonwa na daktari wa upasuaji.

Na usiku wa leo, ukiona kidole kimevimba chote, kinakaa kimejikunja na ukikinyoosha unapiga kelele, au ukapata homa, usisubiri alfajiri. Kidonda cha kisu cha samaki kinaingiza vijidudu vya majini na vya ute wa samaki, na ndani ya njia ya kano usaha unaharibu haraka sana.

mtu_wa_visu

Mkuu pole, ila niulize bila kukuudhi. Kama ulijua kisu hakikati, kwa nini ulimshika samaki wa kilo kumi na mbili? Mimi niko buchani Dar miaka tisa. Kisu kisichokata nakiweka chini.

mama_meza_ya_tatu

Wewe wa buchani, kisu ni chako na jiwe la kunolea liko mkononi mwako. Huyu kijana analipwa kwa kilo. Akiacha meza kumtafuta mnoaji, dakika kumi zimekwenda, samaki wanarundikana mbele yake na jirani anafoka. Nimetoa minofu miaka kumi na moja, nimeacha baada ya kuzaa wa tatu. Makovu ninayo manne, mawili yote ya saa nne kwenda saa tano, muda uleule anaousema.

Kijana, nikuambie mambo ambayo na wenzako wayasikie, maana wewe umeshaumia lakini wao kesho wako mezani.

Kisu kibutu ndicho kinachokata watu. Kikali unakiongoza kwa vidole viwili, kinafuata mfupa chenyewe. Kibutu unakisukuma kwa bega zima, na siku kikigoma, nguvu yote ya bega inabaki kwenye kiganja chako. Ajali yako imekuja hivyo, na sioni uzembe wowote hapo.

Kiwanda cha pili nilichofanyia walikuwa wanatupa visu viwili kila mtu. Kimoja mkononi, cha pili kinasubiri kwenye ala ya plastiki ubavuni mwa meza. Mnoaji anapita saa tatu na nusu, anachukua kilichochoka, anarudisha kikali, anapita tena saa sita. Halafu kulikuwa na fimbo ya chuma ya kunyooshea makali imening'inizwa kila meza, unapitisha kisu mara nne tano kila baada ya samaki kadhaa. Gharama yake sijui ilikuwa ngapi, lakini bandeji kwenye sanduku la huduma ya kwanza zilikuwa zinakaa mpaka zinabadilika rangi.

Na mpini. Tazameni mipini yenu. Kisu cha minofu kinatakiwa kiwe na kigingi mbele ya mpini, ile nundu inayozuia kidole cha shahada kisivuke kwenda kwenye makali, na mpini uwe na vipele. Vyetu vya zamani nundu ilikuwa imesagika, tukawa tunazungushia mpira wa baiskeli mpaka wakaguzi wa usafi wakatukataza kwa sababu unashika uchafu, na walikuwa na haki. Jibu la mpini uliosagika ni kuutupa na kununua mwingine.

Mkianza kupoteza hisia za vidole kwa barafu, semeni. Mkono usiosikia haujui umeshika mpini au umeshika chuma. Na kisu kikianguka, kiacheni kianguke, rudisheni mguu nyuma. Nimeona binti akikidaka hewani.

Mwanangu, kuna wangapi walioona?

mnofu_kilo12

Watatu wa meza yangu, mama. Mmoja ndiye aliyenifunga kwa kitambaa cha kichwani mwake.

mtu_wa_visu

Mama nimekusoma, nimekosea kuuliza vile. Sikujua kwamba mnoaji anapita mara moja. Mdogo wangu nisamehe.

afisa_usalama_kiwandani

Mimi ni afisa usalama na afya kwenye kiwanda cha chakula, si huko Mwanza. Nakujibu la karatasi.

Tanzania Bara kuna Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, na chini yake kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Kila mwajiri anatakiwa awe amejisajili na anachangia. Sekta binafsi sasa ni asilimia 0.5 ya mishahara, inalipwa na mwajiri peke yake, haruhusiwi kumkata mfanyakazi. Mfuko huu haulipi kwa kutafuta nani alikosea. Umeumia ukiwa kazini na kwa sababu ya kazi, hicho ndicho kinachoangaliwa. Kwa hiyo hata hilo neno "uzembe" lisikutishe ukadhani haki yako imekufa.

Ukibarua nao usikutishe. Mkataba wa mdomo ni mkataba, na kulipwa kwa kilo ni kulipwa kwa kazi iliyofanyika. Sheria inamtambua mtu wa namna yako.

Mwajiri akishapata taarifa ya ajali anatakiwa aipeleke WCF ndani ya siku 7. Supavaiza alikuona ukivuja damu, kwa hiyo taarifa wanayo tangu Jumanne. Lakini wewe iandike sasa, kwa sababu la mdomo hugeuka. Nusu ukurasa inatosha: jina, kazi, tarehe, saa, meza namba ngapi, kisu kiligonga wapi, mkono uliteleza vipi, glovu gani ulikuwa umevaa, nani walikuwepo, zahanati gani ilikushona. Andika na hilo la kisu kunolewa mara moja kwa siku na mpini kulainika. Usitukane mtu, usimtaje supavaiza kwa ubaya. Nakala mbili, moja wagonge muhuri au wasaini kwamba wameipokea, ibaki kwako.

Wakigoma kupokea, au ukagundua hawajatoa taarifa, nenda mwenyewe ofisi ya WCF. Madai yana muda wa miezi 12 tangu ajali, ila wewe usiusubiri.

Unachoweza kupata: gharama za matibabu, pamoja na upasuaji na mazoezi ya viungo. Siku ambazo huwezi kufanya kazi, asilimia 70 ya kipato chako. Ikibaki kasoro ya kudumu, daktari anaipima kwa asilimia: 30 kushuka chini unalipwa kwa mkupuo, ikizidi 30 ni pensheni ya kila mwezi. Sasa jiulize elfu hamsini inasimama wapi hapo.

Kipato chako utakionyesha kwa ujumbe wa malipo wa kila Jumamosi. Usifute hata mmoja. Nenda ukachukue na taarifa ya miamala.

Nasema haya nikiwa upande wa kiwanda, tafadhali nielewe. Ajali ikifichwa kwa elfu hamsini, mimi afisa usalama sipati sababu ya kuomba visu vipya. Bosi anataka aone namba. Ajali tatu zilizoandikwa kwenye rejista, zote za saa nne, ndizo zilizonipatia mnoaji wa pili.

shingo_ya_mbuzi_msa

Pole sana ndugu yangu, nakuandikia nikiwa Mombasa. Mimi nilikuwa nikifanya kazi jikoni kwa hoteli, upande wa nyama. Kisu cha kutolea mifupa kiliniponyoka kikaingia kidole cha shahada, mkono wa kushoto. Nikashonwa, nikaambiwa ni mshipa umeshtuka. Nikakaa wiki tisa nikipaka mafuta na kukanda.

Nilipofika kwa daktari wa mikono, aliushika mkono wangu akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza: "Ulikuwa wapi?" Hilo swali silisahau. Leo kidole kinakunja robo tu. Kufunga kifungo cha shati nafungiwa na mke wangu, na kazi ya kisu niliwacha, sasa nauza matunda.

Huku kwetu sheria ni ya mwaka 2007, na mwajiri pia ana siku saba za kupeleka ripoti, lakini nilikuwa sijui chochote. Nilisaini nilichopewa. Nakusihi, kesho ofisini usiende. Nenda hospitali.

wakili_wa_mtaa

Naunga mkono. Wakipiga simu wajibu kwa adabu: "Niko hospitali, nikitoka nitakuja, naomba nakala ya karatasi niisome." Usigombane, usiseme hutaki. Hakuna sheria inayokulazimisha kusaini maelezo ya ajali usiyokubaliana nayo, na ukilazimika kuyapokea, andika kwa mkono wako juu ya sahihi: "Nimepokea, sikubaliani na maelezo haya," na tarehe.

Jambo la pili ulishike kichwani: ikitokea wamekuachisha kazi kwa ajili ya hili, una siku 30 kufungua shauri la kuachishwa isivyo halali kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Huhitaji wakili kufungua. Watu wengi wanapoteza haki kwa kusubiri kuitwa kazini tena, siku 30 zinapita wakiwa nyumbani.

Halafu mwombe mwenzako apige picha ya kisu chako, mpini uonekane, leo usiku kama zamu yake ipo. Visu vikishakusanywa na kuchemshwa, hakuna atakayejua kipi kilikuwa chako.

mnofu_kilo12

Wakuu nimesoma zote, mengine nimesomewa na dada. Kesho saa kumi na moja alfajiri natoka. Asanteni.

mnofu_kilo12

(Ijumaa) Habari wapendwa, mimi ni dada yake, yeye mkono uko juu.

Alipasuliwa jana, siku ya tisa. Daktari alisema kidole cha mwisho kano zote mbili zilikatika, ncha ya moja waliikuta imerudi mpaka katikati ya kiganja. Cha pete ilikuwa imekatika nusu, kama nesi alivyosema. Mshipa wa fahamu mmoja ameushona pia. Ametuambia hisia zitarudi taratibu mno, kama milimita moja kwa siku, na kwamba nusu ya kazi ameifanya yeye, nusu iliyobaki ni ya mgonjwa na mtu wa mazoezi ya viungo.

Barua niliipeleka mimi Jumatano. Mhasibu aliikataa, nikakaa pale kwenye benchi la getini tangu saa tatu mpaka saa nane, mwishowe mtu wa rasilimali watu akatoka akagonga muhuri. Wanasema taarifa imeshapelekwa WCF. Namba ya madai bado hawajatupa, Jumatatu nitakwenda WCF mwenyewe kuuliza. Ile karatasi ya elfu hamsini haijatajwa tena. Picha ya kisu tunayo.

Swali langu ni kwa nesi. Amefungwa banzi nyuma ya mkono, vidole vimeinama kidogo. Analalamika joto, anataka kulivua usiku. Tena mtoto wake amezoea kulalia mkono huo.

nesi_wodi_ya_majeruhi

Asante Mungu. Wamefanya kazi nzuri, dada, na wewe umefanya kubwa zaidi pale getini.

Banzi halivuliwi. Usiku, mchana, akioga, hapana, mpaka wao wenyewe waliolifunga waseme, na kwa kawaida ni kama wiki sita. Akilala bila banzi atajinyoosha usingizini, na kano iliyoshonwa inakatika mara moja bila yeye kujua. Akioga, afunike kwa mfuko wa plastiki. Joto likizidi, mpepee, na mkono uwe juu kuliko moyo, uvimbe utapungua na joto nalo.

Mazoezi wataanza kumfundisha ndani ya siku hizi za mwanzo. Asishangae, si mapema mno. Kano ikikaa kimya kabisa inagandana na nyama ya pembeni. Afanye yale tu aliyoonyeshwa, mara zilezile alizoambiwa, asiongeze kwa hamu ya kupona. Kubeba ndoo, kubeba mtoto, kushika kisu, asahau kwa miezi mitatu hivi.

Mtoto mhamishieni upande wa kushoto.

mnofu_kilo12

(dada tena) Tumemhamishia upande wa ukutani. Amelia kidogo, sasa amelala. Mkono tumeuweka juu ya mito miwili.